Hotuba ya Katibu: Fungu la Tatu Lisiingie Chunguni

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Imeandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile, na wale waliofika lakini wakakaa nyuma wasisikie vizuri. Ajuaye kusoma amsomee mwenzake.)



Leo hatukuja kuzungumza bei ya alizeti, wala michango, wala barabara. Tumekuja kuzungumza uji. Tunaona wanaume wengine wanacheka. Chekeni tu, na sisi tulikuwa tunacheka hivyo hivyo. Tulikuwa tukisema uji ni mambo ya akina mama, jikoni huko, katibu ana kazi gani na uji? Mkitusikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba uji huu unaanzia mikononi mwetu sisi wanaume, siku tunapofunga magunia.

Ndugu zangu, mwezi uliopita wazazi tulichanga nafaka na karanga za uji wa watoto shuleni. Mnajua lililotokea. Walimu walifungua madebe, wakaangalia, na mengine wakayarudisha. Karanga zilikuwa zimesinyaa, nyingine zina ukungu wa kijani, nyingine zimetobolewa na wadudu. Maneno yakawa mengi kijijini, eti walimu wana maringo, eti watoto wa wakulima wanataka kulishwa kama watoto wa mabwana. Sasa tunasema mbele yenu wote: debe moja katika yale yaliyorudishwa lilitoka nyumbani kwetu sisi katibu wenu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeona afadhali tulitoe wenyewe kuliko kulisikia kisimani.

Tulifikaje huko? Msimu wa mavuno tulikaa uani na mama watoto tukichambua karanga. Tuliweka mafungu matatu juu ya mkeka. Fungu la kwanza, zile nono zinazong'aa, hizo za gunia, za kuuza. Fungu la pili, za mbegu. Fungu la tatu, zilizobaki: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kuliwa na wadudu. Mjukuu wetu, mtoto wa darasa la pili, akawa anatusaidia. Jirani akapita, akamtania mtoto, "Hili fungu baya hivi ni la nani?" Mtoto akajibu bila kufikiri, "Hilo ni letu, la uji."

Jirani akacheka, nasi tukacheka. Lakini usiku neno lile lilitukatalia usingizi. Mtoto hakusema uongo. Tangu azaliwe ameona gunia zuri likipakiwa kwenye gari, na bovu likiingia kwenye kinu. Na pamoja na hayo, madebe ya shule yalipotakiwa, tuliyajaza kutoka fungu lile lile la tatu. Mtu anaweza kuona kosa usiku, na asubuhi akalirudia.

Basi tukalipeleka jambo hili katika darasa letu la elimu ya watu wazima. Mnajua sisi tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani, hatuoni haya kuuliza. Bwana afya alikuja jioni mbili akatufundisha. Haya tunayowaeleza ndiyo tuliyoyapata, pamoja na yale ambayo akina mama wa darasa walikuwa wanayajua siku zote ila hawakuulizwa.

Kwanza: ubaya wa fungu la tatu

Ule ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi hutengeneza sumu. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Haina harufu ya kukutisha, wala ladha ya kukuonya. Tena, ndugu zangu, haiondoki kwa kupika. Chemsha uji mpaka maji yakauke, sumu imo. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi, hakumalizi. Kupikia pombe nako hakuiondoi. Wale wanaosema "ukungu si kitu, moto unaua kila kitu" wanadanganyika, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Mambo haya hayakutokea mbali. Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Kiasi cha watu 20 walifariki. Huko Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, na 125 wakafariki. Hawa wote walikuwa wakulima kama sisi. Hawakupewa sumu na adui. Walikula walichokihifadhi wenyewe nyumbani.

Na hiyo ni ile inayoua haraka. Ipo inayoua polepole. Mtu akiila kidogo kidogo miaka mingi inaharibu ini, inaweza kuleta saratani ya ini. Mtoto anayeila tangu uji wa kwanza huwa katika hatari ya kudumaa. Sisi tukiona mtoto mfupi tunasema ni ukoo. Pengine si ukoo, jamani. Pengine ni fungu la tatu.

Pili: tunavyoweza kuizuia

Hapa wanaume tusikilize, maana kazi hii ni yetu.

Karanga zikishang'olewa zianikwe zikauke kweli. Chukua moja, itikise karibu na sikio. Ukisikia punje inacheza ndani, imekauka. Zianikwe juu ya turubai au mkeka, siyo juu ya udongo. Tuzihifadhi na maganda yake. Na ile tabia ya kuzinyunyizia maji ili zimenyeke upesi, tuiache kuanzia leo. Maji yale ndiyo yanayouita ukungu.

Mahindi yapimwe kwa chumvi. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, tia punje mpaka theluthi moja, tia vijiko 2 au 3 vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Isiponata, yafaa kuhifadhiwa. Magunia yakae juu ya kichanja, yasiguse sakafu wala ukuta.

Halafu kuchambua. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyotobolewa, yote itoke. Kuchambua hakumalizi sumu yote, lakini kunaipunguza sana. Mtu atatuuliza, "Je, hasara?" Sisi tulijaribu nyumbani. Debe moja la karanga tulilichambua kwa ukali, na zilizotupwa zilijaa bakuli moja la mboga. Bakuli moja! Ndiyo bei ya kumlinda mtoto. Na zilizotupwa zifukiwe au zichomwe. Tusimpe kuku, naye anadhurika. Tusimpe ng'ombe anayekamuliwa, maana sumu inapita katika maziwa na kurudi mezani kwetu.

Tatu: chakula chenyewe cha asubuhi

Sasa jamani, tukishapata nafaka safi, tunapikaje? Watoto wengi wa hapa wanakwenda shule na chai ya rangi, na siku ya fedha wanapata andazi au kipande cha mkate. Unga wa ngano hatuulimi, tunaununua. Maziwa wakati wa kiangazi hayapo, ng'ombe wamehamishwa. Tena wapo kati yetu ambao wakinywa maziwa tumbo linanguruma siku nzima. Na wapo watu, ni wachache lakini wapo, ambao matumbo yao yanaikataa ngano kabisa. Daktari huwaambia wasiiguse maisha yao yote. Je, watu hao wakose chakula cha asubuhi? Hapana. Dawa ipo ghalani. Ulezi, mtama, uwele, mahindi na mchele havina kile kitu cha ngano kinachowadhuru. Ila mgonjwa wa namna hiyo asisagiwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, maana masalia yake yanachanganyika. Atwange kwenye kinu chake.

Kijana mmoja aliyetoka mjini alituletea darasani boksi la chakula cha asubuhi cha dukani, vile vipande vikavu vya kutafunwa. Tukamwomba mwalimu atusomee maandishi ya ubavuni. Akasoma: mahindi, sukari, chumvi, kimea cha shayiri, na vitamini walizoongeza. Darasa zima likaguna. Mahindi! Na kimea! Vitu vya kwetu hivyo, vimevalishwa boksi. Tena shayiri ni ndugu wa ngano, kwa hiyo yule mgonjwa wetu hata boksi hilo halimfai, wakati uji wa ulezi wa bibi yake unamfaa.

Ulezi tusiudharau. Una madini ya chokaa, yale ya mifupa na meno. Gramu 100 za ulezi zina miligramu zaidi ya 300 za madini hayo. Maziwa kiasi hicho hicho yana 120 hivi. Mwili hauwezi kuyachukua yote yaliyomo kwenye ulezi, lakini ukiuotesha unachukua zaidi. Na hapo ndipo tunapofika kwenye kimea.

Akina mama mnakijua kimea, ni kile kile cha togwa. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba kinaweza kuokoa uji wa mtoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi unamjaza maji, baada ya saa moja analia. Uji mzito hauwezi kumezeka. Kimea kinaulainisha uji mzito bila kuongeza maji, na mtoto anapata chakula kingi katika kikombe kile kile.

Kutengeneza kimea ni hivi. Chambua na kuosha ulezi. Uloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji, uutandaze juu ya kitambaa safi kilicholowa, uufunike, uuweke kivulini. Nyunyiza maji safi asubuhi na jioni, kwa mikono iliyonawiwa. Siku ya pili au ya tatu utaona umechipua. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, uusugue mizizi itoke, uupepete, usage. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, mwaga wote, usionee huruma. Na kimea cha mtoto kiwe cha ulezi. Mtama tusiutumie kwa kimea, maana machipukizi yake yana sumu. Mtama wa kawaida usioota hauna neno.

Unga wa uji: makopo 3 ya ulezi na kopo 1 la mtama, basi. Siku hizi kuna mtindo wa kuchanganya vitu kumi na kuviita unga wa lishe: mahindi, ngano, mchele, soya mbichi, karanga, dagaa, vyote mashineni pamoja. Msiige. Soya isipopikwa au kukaangwa kwanza inasumbua tumbo. Karanga zikisagwa na kuwekwa miezi kwenye unga, mafuta yake yanachacha. Karanga zitwangwe kidogo kidogo, za siku chache tu.

Kupika: chemsha maji vikombe 3. Koroga unga kikombe 1 na nusu katika kikombe 1 cha maji baridi, umimine, endelea kukoroga. Uache uive dakika 15 hadi 20. Utakuwa mzito, mwiko unasimama. Usiogope. Ipua, uache upoe mpaka uwe wa uvuguvugu mkali, siyo wa kuunguza. Tia kijiko 1 kikubwa cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika 10. Mbele ya macho yako uji unalegea. Ukitia kimea wakati uji unachemka, moto unaua nguvu yake, na kazi imekwisha. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena kidogo, maana kimea kiliingia kibichi. Tia vijiko 2 vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa, au 3. Ipua. Mwisho kabisa, ukiwa nje ya moto, tia unga wa ubuyu kijiko 1. Ubuyu ndio unaousaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo kwenye nafaka, na moto mkali unaharibu vitamini yake. Mibuyu imetuzunguka hapa, hatuinunui. Sukari si lazima. Mwenye ndizi mbivu aiponde humo.

Anayetaka cha kutafuna kama kile cha boksi, akaange mtama mkavu kwenye sufuria yenye moto mkali, afunike, zipasuke ziwe bisi. Achanganye na karanga za kukaanga na ubuyu, aweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Ila watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe bisi wala karanga nzima, zinaweza kuwakaba.

Tuongeze maneno mawili ya tahadhari. Mtoto hadi miezi 6 ni ziwa la mama tu, hakuna uji wa namna yoyote. Baada ya hapo anaanza uji na anaendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. La pili, hatukusema mtu aache maziwa au mayai kama anayo. Kuna vitamini inayoitwa B12 ambayo mimea haina, kwa hiyo siku ya yai au dagaa, mtoto apewe. Mtu mzima asiyetumia kabisa vitu vya wanyama, kwa imani yake au kwa afya yake, akamwone mganga wa zahanati juu ya vitamini hiyo.

Nne: tunaloomba mkutano uamue

Ndugu wanachama, wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973 watu walivyokaa chini ya mti kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai. Walichimba vyoo, wakajadiliana juu ya vyakula. Hawakuwa na fedha kutuzidi sisi. Walikubaliana, wakafanya.

Nasi tunaomba tukubaliane mambo matatu.

Moja, kila kaya, kabla ya kupeleka gunia hata moja kwenye ghala la ushirika, itenge kwanza debe moja la karanga na madebe mawili ya ulezi, kutoka fungu la kwanza. Ya kula kwanza, ya kuuza baadaye.

Mbili, ushirika ununue maturubai mawili makubwa ya kuanikia, yaazimwe kwa zamu. Wale wasio na turubai ndio wanaoanika chini, na hatuwezi kuwalaumu tukiwa hatukuwasaidia.

Tatu, mchango wa uji wa shule upokelewe mbele ya watu, juu ya meza, ukichambuliwa. Debe la katibu lifunguliwe la kwanza.

Wapo watakaosema ushirika ni wa biashara, hauna haki ya kuingia jikoni kwa mtu. Tunawajibu hivi. Mnunuzi wa mjini akifungua gunia letu akakuta karanga mbovu, analirudisha, na sisi tunakubali bila kugomba, tunasema ana haki. Mtoto hawezi kurudisha kikombe. Anakunywa alichopewa na baba yake. Basi sisi wenyewe tuwe wanunuzi wakali kwa niaba yake.

Ndugu zangu, wiki iliyopita tulikaa tena uani na mama watoto na mjukuu wetu, kuchambua karanga zilizosalia ghalani. Safari hii tulitenga debe la nyumbani kwanza, kutoka zile nono. Mtoto akatazama, akauliza, "Babu, hizi tunauza?" Tukamwambia, "Hapana, hizi ni zetu." Akauliza mara ya pili, kama mtu asiyeamini. Na zile mbovu tulimpa yeye jembe, akazifukia mwenyewe nyuma ya nyumba.

Mwenye swali juu ya kimea aje darasani Jumanne jioni, akina mama wataonyesha kwa vitendo, na sufuria ipo. Aje na kikombe chake.

Ushirika ni nguvu. Mtu ni afya.



Katibu wa Tawi